Vichupa Vinne, Damu Moja

Wanaume wanne wa parokia yetu waliambiwa, wiki ileile, kwamba wana damu kwenye choo.

Wote wanne wakaitwa hospitali. Wote wanne wakapitishiwa kamera huko nyuma. Wote wanne wakakutwa wazima, utumbo unang'aa kama kikombe cha Misa. Mungu anisamehe kwa mfano huo.

Sasa jiulize swali alilojiuliza kila mwenye akili hapa kijijini Cloonfarna, na wenye akili hatukuwa wengi.

Ile damu ilikuwa ya nani?

Mimi ni Concepta Geraghty, mjane. Shule niliishia ya msingi, baba akanitoa nikamsaidie kulisha ndama. Sijui mengi. Ila kanisani nakaa pembeni, na jikoni nakaa karibu na dirisha, na mtu akikaa pembeni maisha yake yote huona mambo.

Hili nililiona. Na hadi leo nikilikumbuka nasikia kichefuchefu, siyo cha choo. Cha wanaume.

Nianze na hao wanne.

Ni kamati ya timu yetu ya mpira. Wamepita sitini, wana mashamba, wana ng'ombe, wana maneno. Mkubwa wao ni Festus Noone. Festus akiingia mahali unaanza kuuona mdomo, halafu tumbo, halafu mwenyewe. Akili hufika baadaye, ikipata lifti.

Wanashinda baa ya mkwe wangu, Jarlath. Jarlath kamuoa binti yangu Sorcha. Watu husema wanaendesha baa pamoja.

Ndiyo, pamoja. Sorcha anapika, anaosha, anabeba mapipa ya bia. Jarlath anasimulia vichekesho.

Halafu kuna Nesi Attracta Kilbane.

Attracta yuko kliniki ya Daktari Lavelle. Daktari anatibu wagonjwa. Attracta yeye kazi yake ni kuhangaika na wazima. Siku ya mnada wa ng'ombe anaweka kimeza chake kati ya zizi la ndama na mama wa chai, anapima presha, anapima sukari, anawaambia watu punguza siagi, acha sigara, tembea kidogo.

Wanaume wanapita mbali naye kama amebeba ukoma.

"Attracta, mimi siyo ng'ombe wa kupimwa mnadani!" Festus alimpigia kelele siku moja, watu wote wasikie.

"Kweli siyo," akajibu, hajainua hata kichwa. "Ng'ombe wako anapimwa kila mwaka. Wewe ulipimwa lini?"

"Nilipozaliwa!"

"Na walikupima nini?"

"Uzito!"

"Basi tangu hapo hujaacha kuuongeza."

Mnada mzima ulicheka. Festus naye alicheka, lakini shingo ilikuwa nyekundu.

Kilichomhangaisha Attracta zaidi ni kile kipimo cha utumbo. Ukifika umri fulani kinakujia kwa posta: kijiti na kichupa. Unachukua kidogo sana cha haja kubwa, unafunga, unarudisha. Basi. Kama kuna damu isiyoonekana kwa macho, wataijua.

"Hiki ni cha mtu anayejisikia vizuri," alikuwa akisema mpaka koo linakauka. "Ukingoja ujisikie vibaya, umechelewa."

Mimi sikuhitaji kuambiwa. Mume wangu Malachy alingoja. Aliona damu, akasema ni rangi ya bitiruti alizokula. Mwaka mzima bitiruti. Nilimzika kabla bitiruti nyingine hazijachipua bustanini.

Kwa hiyo mnielewe nikidharau. Nimelipia haki ya kudharau.

Vichupa vya wanaume wetu viliishia wapi? Kwenye takataka. Vingine kwenye droo, chini ya betri za redio.

Ndipo Attracta akatumia ujanja wake.

Ng'ambo ya mto kuna parokia ya Kilcreevy. Sisi na Kilcreevy hatupendani tangu babu zetu. Wametufunga fainali mbili, na moja walitufunga kwa goli ambalo mwamuzi peke yake ndiye aliyeliona. Mtu wa Cloonfarna anaweza kusamehe wizi wa mke, ila hasamehi lile goli.

Basi wazee wa kamati ya Kilcreevy wakajipima wote, wakatundika bango kwenye uzio wa uwanja wao, pale barabara ya mnadani ambapo kila mmoja wetu lazima apite.

KILCREEVY HATUOGOPI. WOTE TUMEPIMA.

Attracta hakuongeza chumvi. Aliuliza tu, anafunga kile kitambaa cha presha kwenye mkono wa mtu, "Mmeona bango?"

Festus aliliona. Nasikia alisimamisha trekta katikati ya barabara.

Siku chache baadaye vichupa vinne vikawa vimerudi.

Mimi nilishtuka. Festus huyu hawezi hata kulitamka neno choo. Akibanwa husema anakwenda kuangalia gari. Leo achukue kijiti?

Nikasema moyoni, labda Roho Mtakatifu. Hufanya makubwa.

Haikuwa Roho Mtakatifu.

Majibu yakaja, damu, damu, damu, damu. Kamera ikafuata. Na hapo kuna haki ya Mungu ambayo sitaacha kuishukuru: mtu alikataa kijiti, akapewa kamera na mpira wake mrefu.

Wakarudi wazima. Na midomo ikarudi na wao.

Siku za mnada huwa namsaidia Sorcha jikoni, namenya viazi karibu na kile kidirisha cha kupitishia sahani. Naona baa yote, hakuna anayeniona. Mjane anayemenya viazi ni sehemu ya ukuta.

"Yule daktari wa kamera," Festus alikuwa anatangaza, bia nyeusi mkononi, "ameniambia nina utumbo wa kijana wa miaka ishirini!"

"Mimi kaniambia hajawahi kuona mzuri kama wangu," akasema Mossie, mwembamba wao, yule ambaye hata bia huagiza baada ya kuona wenzake wameagiza nini.

Wanaume wazima. Wanashindana uzuri wa matumbo.

"Kipimo cha Attracta ni takataka!" Festus akapiga meza. "Ametutisha bure. Wake zetu wamelia bure. Mimi naenda kwa Daktari Lavelle. Huo upuuzi wa mnadani uishe!"

"Uishe!" wakaitikia.

Halafu nikaona kitu.

Jarlath alikuja kuweka bia mezani. Mossie akamtazama. Siyo kutazama kwa kawaida. Alimtazama kama mtu ambaye kaburi lake limeshapimwa.

"Jarlath," akasema kwa sauti ndogo, "wewe... unajisikiaje siku hizi?"



Chini ya meza mguu wa Festus ukampiga Mossie teke. Niliuona kwa macho yangu.

"Mzima kama farasi!" Jarlath akacheka. "Kwa nini, unataka kunipanda?"

Wakacheka wote. Cheko lilikuwa refu kuliko mzaha wenyewe.

Nyuma yangu Sorcha alikuwa ameshika sinki kwa mikono miwili.

"Vipi, mwanangu?"

"Nimechoka tu, mama. Kazi."

Daktari Lavelle alikubali maombi ya Festus bila hata kukaa chini. Wanacheza gofu pamoja. "Attracta," alimwambia, na mhudumu wa mapokezi alisikia, "watu huja kwetu wakiugua. Wewe unawafuata wazima mpaka zizini. Pumzika kwanza na hayo ya mnadani."

Kimeza kikaondolewa. Pale kilipokuwa mama wa chai akaweka ndoo.

Nilikwenda kliniki nipimwe presha. Attracta alinifunga kitambaa mkononi. Macho yalikuwa ya mtu asiyelala.

"Una hasira kwa ajili ya meza?" nikamuuliza.

"Meza ni mbao, Concepta."

"Basi nini?"

"Siwezi kuzungumza habari za wagonjwa."

"Huna haja. Festus ametutangazia, na picha angekuwa nazo angezitundika."

Akavuta pumzi. "Mmoja kukutwa na damu halafu kamera isione kitu, hutokea. Wawili ningeshangaa. Wanne wa meza moja, wiki moja? Hapana. Ile ni damu ya mtu mmoja. Kuna mtu hapa anavuja na hajui. Na wapo wanaojua na wamefunga midomo."

"Waulize."

"Nimewauliza mmoja mmoja. Kila mmoja ameapa kwa Mama wa Mungu."

Jamani. Kwa Mama wa Mungu. Kwa ajili ya choo.

Nikamwambia habari ya Mossie na lile teke. "Nadhani ni Jarlath," nikasema. "Ni mdogo kwao. Nadhani waliona haya, yeye akawajazia kwa mzaha."

"Ana miaka mingapi?"

"Arobaini na saba."

Akaweka kalamu chini. "Hajafikia umri wa kutumiwa kipimo. Asingejulikana mpaka awe kitandani."

Sikungoja basi. Nilitembea mpaka baa, nikamkuta Jarlath anafuta kaunta iliyokwisha kufutwa na mke wake.

"Wewe ndiye uliyewajazia akina Festus vile vichupa?"

Uso ukampauka. Lakini akajibu upesi, "Siyo mimi, mama. Naapa kwa kaburi la Malachy siyo mimi."

"Basi nenda kapimwe."

Na hapo ndipo nilipotatizika. Nilitegemea agome. Nilitegemea atoke kuangalia gari kama mwalimu wake Festus.

"Naenda kesho," akasema.

Akaenda, anapiga mluzi. Attracta akampa kipimo, kikarudi safi kama maji ya ubatizo.

Sasa hata mimi nikaanza kuona labda Festus anasema kweli. Aibu yangu hiyo. Lakini ule mluzi haukunitoka kichwani. Mtu anayekwenda kupimwa anapiga mluzi ni mtu anayelijua jibu.

Na kama jibu alilijua, alilijuaje?

Attracta naye hakukubali kushindwa. Alikwenda kwa Padri Aengus akaomba dakika moja baada ya Komunyo, wakati wa matangazo. Padri alikubali. Nadhani ni kwa sababu yeye mwenyewe amefika sitini na kichupa chake kiko kwenye droo.

Jumapili hiyo kanisa lilijaa. Wanaume wetu, kama kawaida yao, walisikiliza Misa wakiwa wamesimama nyuma karibu na mlango, mtu na kofia yake, kama wanangoja gari la kuwachukua mbali na Mungu. Kamati yote ilikuwa hapo. Jarlath alikuwa kwenye nguzo na kikapu cha sadaka. Sorcha alikuwa mbele na kwaya.

Attracta akasimama. Sweta ya kijivu, mikono haina mahali pa kwenda.

"Sitaki jina la mtu," alisema. "Sitaki maelezo. Kuna mtu mmoja kati yetu aliwasaidia wengine jambo la aibu. Alidhani ni mzaha. Mtu huyo anavuja damu ndani. Leo anatembea, anakula, anaimba. Akija sasa, pengine atapona. Akingoja mpaka aumwe, nitakuja kumuosha kitandani, na sitakuwa na la kumsaidia zaidi ya kumuosha. Mlango wangu wa nyuma uko wazi leo, Misa ikiisha."



Nilifundishwa na mama yangu kwamba kanisani hatugeuki nyuma. Mungu anisamehe. Niligeuka.

Wale wanne walikuwa wanamtazama Jarlath. Wote. Hata Festus.

Wazee hawa walikunywa kutoka mkononi mwake majuma yote yale, wanaamini anakufa, na hakuna aliyemwambia, "Ndugu, nenda hospitali." Walimwachia mzaha wa farasi.

Lakini hilo silo lililonishtua.

Jarlath hakuwa anawatazama wao. Hakuwa anatazama chini pia, kama mwenye kosa. Alikuwa anatazama mbele, kwenye kwaya.

Nikayafuata macho yake.

Binti yangu alikuwa ameziba uso kwa kitabu cha nyimbo.

Yesu na Maria.

Sijui wimbo wa mwisho ulikuwa upi. Niliwakuta nje, kando ya ukuta wa makaburi. Jarlath amemshika Sorcha mkono anamnong'oneza haraka haraka.

"Mwachie," nikasema.

"Mama, haya ni mambo ya wanaume, hayakuhusu..."

"Mambo ya wanaume yaliyojazwa na mwanamke?"

Akauachia mkono.

"Nani alivijaza, Jarlath?"

"Ni mimi, mama," akasema Sorcha.

Alikuwa anatazama viatu vyake, kama alivyokuwa akifanya ana miaka sita.

Maelezo yakatoka vipande vipande. Festus na wenzake walikuwa wanaogopa bango la Kilcreevy na wanaogopa kijiti. Jarlath, kwa sifa zake, akawaambia mbele ya baa nzima, yaani wao wanne, "Leteni kwangu, asubuhi moja nawamalizia!" Wakampigia makofi. Akafika nyumbani, akavitazama vile vichupa, akataka kutapika.

Kwa hiyo akampa mke.

Mnaona mnyororo huo? Wanne wakampa mmoja, mmoja akampa mwanamke. Kwetu kila kazi chafu ina njia yake, na mwisho wa njia lazima umkute mwanamke amekunja mikono ya sweta.

"Aliniambia ni mzaha wa timu," Sorcha akasema. "Nilikuwa na supu jikoni. Nikavijaza vyote, nikanawa, nikarudi kazini."

"Na majibu ya akina Festus yalipokuja?"

Akamtazama mume wake.

"Nilimwambia ni yale mambo yenu ya kila mwezi," Jarlath akasema. Sasa alikuwa analia, na machozi yake hayakuninunua. "Nilijua ni hayo tu, mama. Nilijua."

"Ulimuuliza?"

"Nilimwambia."

"Sijauliza ulimwambia nini. Ulimuuliza?"

 Angemuuliza, ingejulikana kwamba Jarlath shujaa wa baa hakuweza kushika kijiti. Hilo ndilo alilokuwa analilinda. Alimwacha mke wake avuje ili wanaume wanne wasimcheke.

Nikamgeukia mwanangu. "Damu uliiona kwa macho yako?"

"Muda sasa."

"Sorcha! Kwa nini hukusema?"

"Baba naye hakusema."

Malachy alikuwa amelala hatua chache tu kutoka pale tuliposimama.  Nilimshika mkono tukaenda.

Mlango wa nyuma wa kliniki ulikuwa wazi kweli. Attracta alikuwa ameshachemsha maji ya chai.

Hakutoa hotuba. Hakusema "ningejua." Alimkalisha Sorcha, akamuuliza habari za tumbo, za uzito, za baba yake. Lilipotajwa la Malachy akaandika kwa mkono wa haraka, kisha akanyanyua simu akampigia Daktari Lavelle nyumbani kwake, Jumapili, wakati wa kukata nyama ya mezani.

"Ndiyo, Daktari, najua ni chakula cha mchana. Acha kisu uje usaini barua ya hospitali."

Akaja, na tone la mchuzi kwenye tai. Alisaini bila kututazama.

Sorcha alipoingia msalani, Attracta alinisogelea.

"Ni kosa langu," akasema. "Nilihesabu vichupa, Concepta. Sikuhesabu aibu. Niliwachapa kwa fimbo ya Kilcreevy."

"Fimbo haikukosea," nikamwambia. "Punda ndio walikuwa punda."

Nilimwona akicheka na kufuta macho kwa wakati mmoja.

Hospitali walikuta uvimbe. Mdogo, umekaa kimya kwenye kona ya utumbo kama uyoga chini ya jani. Walimfanyia upasuaji wiki hiyohiyo ya kugunduliwa, wakakata kipande, wakaunga. Nilisali rosari kwenye korido mpaka muuguzi mmoja akaniletea kiti bila kuombwa.

Daktari wa upasuaji alitoka akiwa na kofia yake ya kijani. "Haujasambaa," akasema. "Ana bahati. Angengoja mpaka umri wa kutumiwa kipimo kwa posta, posta ingemkuta makaburini."

Bahati. Naye hakujua bahati ile ilikuja kwa mlango gani. Laiti Attracta angenyamaza alipoondolewa meza. Laiti angesema, kama wengi wanavyosema, kazi yangu ni sindano na bandeji. Binti yangu angekuwa kando ya baba yake.

Leo Sorcha ni mzima. Anaimba. Baa anaendesha yeye, kwa maandishi. Jarlath ndiye anayebeba mapipa, na vichekesho vimepungua. Sorcha alimrudia polepole, sikuingilia, ndoa ni sakramenti. Ila viazi simenyi tena siku za mnada. Anamenya Jarlath, na mimi nakaa kidirishani namtazama.

Daktari Lavelle aliirudisha meza ya Attracta mnadani. Hakuomba radhi. Madaktari hawaombi radhi, hukohoa. Alikohoa sana.

Na kamati je?

Hakuna aliyekuja hospitali. Waliniletea kadi ya Misa, ya kumwombea mgonjwa, imesainiwa majina yote manne. Nikaishika mkononi nikasema, angalau hiki wamekifanya wenyewe.

Halafu nikauangalia mwandiko.

Wote ulikuwa wa mke wa Mossie.

Mnadhani imeishia hapo? Hata mimi nilidhani.

Kipimo kile hurudi kila baada ya muda. Mwaka huu kimerudi. Juzi naweka mkate wa soda kwenye jiko, nikasikia mtu anagonga mlango wa nyuma. Watu wema hugonga wa mbele.

Festus Noone. Kofia mkononi, na mkebe wa biskuti kwapani.

"Concepta."

"Festus."

"Unaendeleaje?"

"Nina mkate motoni. Sema."

Akaingia, akaangalia picha ya Moyo Mtakatifu, akaangalia paka, akaangalia kila kitu isipokuwa mimi. Kisha akafungua mkebe. Ndani, kwenye karatasi laini kama yai, kijiti na kichupa.

"Kilcreevy wametundika bango jipya," akasema.

"Nimeliona."

"Sasa... wewe ni mtu mzima. Ni mjane. Mtu wa sala. Huna tena mambo ya aibu aibu. Nikafikiri, kwa ujirani..."

Nilimtazama mtu huyu. Nilimtazama mpaka mkate ukaanza kunukia. Binti yangu ana kovu la kutoka kitovuni kushuka chini, na huyu hapa, na mkebe.

Nikafungua droo, nikatoa gazeti la zamani, nikaliweka mkononi mwake.

"Choo kiko pale, mlango wa kijani. Tandaza hilo. Mimi nakaa hapa na rosari mpaka utoke."

"Concepta, siwezi..."

"Festus, ng'ombe wako anazaa mapacha unaingiza mkono mpaka begani. Usiniambie huwezi. Ingia, ama nimwite Attracta aje akushikie, na njiani apitie Kilcreevy kuomba msaada."

Akaingia.

Nilianza Matendo ya Uchungu ya rosari. Niliona yanafaa.

Nilikuwa kwenye tendo la taji la miiba alipotoka. Jasho lilimtiririka kama aliyejifungua. Kichupa kilikuwa mkononi, kimefungwa, kimejaa, na ni chake. Alikishika mbali na mwili wake, lakini alikishika.

"Nimemaliza," akasema. Na sauti yake, nawaambia ukweli, ilikuwa ya mtoto.

"Nawa mikono," nikamwambia. "Na Jumapili ukamwombe Sorcha radhi. Kwa mdomo wako. Usimtume mke wa Mossie."

Alikwenda. Nilikuwa nimekaa pembeni, nilisikia. Aliomba vibaya, lakini aliomba.

Ndugu msomaji, wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakumfahamu anayeficha yake nyuma ya mwanamke, ili kifo kikija kimuumbue mwingine.

Ukimwona nesi na kimeza chake mnadani, sokoni, popote, usipite mbali naye. Hajaja kukutafutia ugonjwa. Amekuja kuuwahi.

Na wewe dada, ukimsikia mwanaume anajisifu kwamba yeye ni mzima kama farasi na vipimo vyote amepita, usimpigie makofi upesi.

Muulize kwanza ni nani aliyemjazia kichupa.